Msimu wa Nyangumi na Simu ya Saa Saba

Jumanne, 28 Mei

Daftari hili lilikuwa la binti yangu Bénie, la hesabu. Aliandika kurasa tatu akalichoka. Nimezing'oa, zilizobaki ni zangu.

Leo nimeanza kazi, na si kule Seven Hills kwenye chumba cha barafu kupanga kuku mpaka vidole vinakufa. Kazi hii iko ndani ya mashua, ya ghorofa mbili, inayotoka Circular Quay, hapa Sydney, saa nne asubuhi. Inapita kati ya majabali mawili ya mlango wa bahari, inawapeleka watu kutazama nyangumi, saa saba imerudi. Mimi niko jikoni, chini: chai, kahawa, supu, viazi vya kukaanga, na mifuko ya karatasi ya wanaotapika. Baridi ndiyo msimu wao. Nyangumi wanatoka kwenye barafu ya kusini wanakwenda kuzaa kwenye maji yenye joto, na njia yao inapita hapa.

Mama Mirindi, mama mkwe wangu, nimemwambia nimepata kazi ya jikoni, mjini. Si uongo. Jiko lipo. Sikusema tu kwamba linaelea.

Miaka kumi na miwili iliyopita, kabla sijaolewa, mashua ilizama ziwa Kivu na Mushagalusa, kaka yake mume wangu, akiwa ndani. Hawakumpata. Wakazika mgomba mahali pa mwili wake, na Mama akaweka sheria: mtu wa nyumba hii asipande mashua tena, asile samaki tena, mpaka Mushagalusa arudishwe. Tumekuja mpaka Guildford, sheria ikaja nasi. Mimi nilipoingia nyumba ile niliikuta imeshakaa kwenye kiti, na kila mtu anaizunguka.

Nimeichoka. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 30 Mei

Nimetapika mara nne. Kwenye fomu ya kuomba kazi niliandika kwamba nimekulia kando ya maji. Ronnie, nahodha, mzee wa ndevu nyeupe asiyependa maneno mengi, alinikuta nimeshika ndoo akasema, "Kando ya maji yapi, Fal?" Falone kwake ni refu. Nikamwambia ya kule yana adabu.

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimemwona.

Nilikuwa nimepanda juu na sinia la vikombe. Ronnie akapunguza injini, watu wote wakanyamaza, hata Wachina waliokuwa wanapigana picha. Kisha ikatoka pumzi. Sijui kuieleza. Kama lori kubwa linapotoa hewa ya breki, lakini yenye joto, yenye uhai. Halafu mgongo, mweusi, unapita, unapita, haumaliziki. Sinia likaniinamia, vikombe vitatu vikaenda baharini. Sikuvitazama.

Nina miaka ishirini na sita. Tangu nizae Bénie sijawahi kusimama dakika tano bila mtu kuniita. Pale nilisimama.

Ronnie amesema tuko wawili wa muda, mimi na msichana mmoja mwanafunzi, Vanessa. Agosti msimu ukiisha atabaki mmoja, wa mwaka mzima, na atakuwa yule asiyekosa siku. Nimemwambia sitakosa. Nimejiambia na mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua. Hakuna nyangumi. Viazi viliungua.

Ijumaa, 14 Juni

Nilibeba tangawizi ya nyumbani, nimeichemsha na limau kwenye chupa ya chai, nikaanza kuwapa waliolegea. Vanessa akasema hairuhusiwi, lazima wanunue vidonge. Ronnie akaja, akanusa, akanywa vikombe viwili, akaenda zake bila neno. Basi inaruhusiwa.

Jumanne, 18 Juni

Nimerudi saa kumi, nimechoka mpaka meno. Mama yuko sebuleni, mwanangu mdogo, Aksanti, yuko mgongoni kwake amelala. Mwaka mmoja na miezi miwili na bado anajua mgongo wa nyanya yake kuliko wangu. Nilipoinama kumpokea mtoto, Mama akanishika mkono wa koti.

"Mama Bénie, hiyo jiko yenu inanuka chumvi."

"Ni viazi, Mama."

"Viazi haviingiaki mu nywele."

Nikaenda kuoga. Sikupenda nilivyojisikia. Lakini sikuacha.

Jumamosi, 22 Juni

Imeharibika. Wenye mashua waliweka video mtandaoni: nyangumi anaruka, watu wanapiga kelele, na mbele kabisa niko mimi, na koti la bluu la kazi, na sinia, mdomo wazi kama mlango wa kanisa. Mama Déborah, rais wa bamama wa kanisa letu, ameituma kwenye kundi la WhatsApp na maneno haya: "Huyu si wetu?" Wanawake arobaini na sita wameiona kabla sijavua viatu.

Mama aliweka simu mezani mbele yangu, video inacheza, inaanza tena, inacheza. Kisha akaingia chumbani.

Olivier, mume wangu, alikuwa anajitayarisha kwenda zamu ya usiku kwenye bohari. Nikamwambia, "Sema kitu." Akasema, "Mama ni mama." Nikamwambia hicho si kitu, hicho ni jina lake.

Jumapili, 23 Juni

Leo nimeketishwa.

Nieleze, maana Bénie akikua akasoma hapa hatajua. Kwetu mwanamke akikosea, bamama wa kanisa wanakuja nyumbani wanamketisha. Anakaa chini, kwenye mkeka, wao wako kwenye viti. Wanazungumza mmoja mmoja, yeye hajibu. Wakimaliza, anasema, "Nimeelewa, munisamehe," anapiga magoti, wanaomba, mambo yameisha. Na chakula cha wageni hao anapika nani? Yeye. Basi tangu saa mbili asubuhi nilikuwa jikoni, wali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, nikipika chakula cha kunihukumu. Na niliweka chumvi vizuri. Wasije wakasema na kupika pia sijui.

Walikuja saba. Wakala. Wakasifu sombe. Kisha mkeka ukatandikwa, nikakaa na Aksanti pajani, kwa sababu hakukuwa na wa kumshika.

Mama Déborah akaanza. Kwamba nimemdanganya mama mkwe. Kwamba mke wa mtu anakaa katikati ya wazungu na pombe. Kwamba kuna kazi za kutunza wazee, kuna kazi za bohari, dada zangu wote wanafanya, mimi ni nani? Mwingine akasema Sydney imenipanda kichwani. Mwingine, mama wa makamo ambaye mimi mwenyewe nilimpeleka hospitali kujifungua, akasema, "Sisi tuliona na ile koti. Inakupendeza sana, ndiyo hatari yenyewe." Wawili wakacheka, wakajificha kwenye vitambaa.

Mama Mirindi alikaa pembeni.

Ikafika zamu yangu ya kusema yale maneno mawili. Nikamshusha Aksanti, nikasimama. Bamama wakatazamana, maana kusimama hakumo.

Nikasema, "Mama, nilikuficha. Kwa hilo nisamehe, ilikuwa vibaya, ungestahili kusikia kutoka mdomoni kwangu. Hilo nimeelewa."

Mama Déborah akasema, "Amina," akawa anafumba macho aombe.

Nikasema, "Sijamaliza, Mama Déborah. Kazi siachi. Siiachi leo, siiachi kesho. Kule siibi, silewi, sitafuti mwanaume. Nakaanga viazi na natazama viumbe vya Mungu. Jumanne saa nne mashua inatoka na mimi nitakuwa ndani."

Aksanti alikuwa amekamata mfupa wa kuku wa mtu.

"Mutoto huyu!" akasema Mama Déborah. "Nani alikufundisha kujibu?"

"Hakuna. Nimeanza leo."

Waliondoka bila kuomba. Sombe iliyobaki waliibeba.

Jumatatu, 24 Juni

Mama amehamia Penrith kwa binti yake, Cécile. Olivier amembebea mizigo. Mlangoni alimbusu Aksanti, akambusu Bénie, akaniambia mimi, "Siwezi kulea mutoto nikingojea maji yaniletee habari ya mama yake. Nilishangoja mara moja." Nilimpa chupa ya tangawizi ya njiani. Aliichukua.

Jumanne, 25 Juni

Nilikuwa ndani.

Mtoto alikaa kwa Jerusha, nesi, Mkenya wa mlango wa pili, leo yuko off. Alinisikiliza yote mlangoni, mswaki mdomoni, akasema, "Aki Mama Bénie, ulisimama? Mbele ya committee nzima? Leta huyo mtoi hapa, na ukirudi uniletee picha ya hiyo samaki." Nikamwambia si samaki. Akasema, "Chenye iko," yaani chochote kile.

Saa saba, mguu wangu ulipogusa ubao wa bandari, nilimpigia Mama. Simu ikapokelewa. Nikasikia redio ya Cécile, na pumzi.

"Mama, nimerudi."

Ikakatwa.

Alhamisi, 27 Juni

Upepo. Nyangumi sita. "Mama, nimerudi." Ikakatwa.

Ijumaa, 28 Juni

Imekatwa.

Jumamosi, 29 Juni

Nimehesabu: anapokea mlio wa kwanza. Mtu asiyetaka kusikia hapokei mlio wa kwanza.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda Penrith kumsalimia. Kugombana ni kugombana, lakini mama mkwe hakai wiki mbili bila kusalimiwa na mke wa mwanawe. Treni ndefu, Aksanti amenitapikia kwenye kitenge kizuri, Bénie anauliza kila stesheni, "Are we there?"

Huko kuna baridi kuliko kwetu, nyasi za uani asubuhi zinakuwa nyeupe. Mama alikuwa ameinama kwenye mboga zake za lengalenga zilizoungua na baridi, anang'oa. Nikamsalimia kwa magoti, kwenye matope. Akaitikia. Nikaingia nami kung'oa.

Tuling'oa mistari miwili. Kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Unafikiri nachukia kazi yako."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile Mushagalusa alikuwa na homa. Alisema, Mama, nitaenda kesho. Mimi nilikuwa na magunia yangu ya maharagwe sokoni ng'ambo, yataoza. Nilimwambia, wewe ni mwanamume ama ni nini? Panda. Nikamfunga shali yangu shingoni, kwa sababu ya homa. Panda." Akang'oa shina. "Olivier hajui. Cécile hajui. Sasa unajua weye."

Nilitaka kumkumbatia, lakini yeye si mtu wa hivyo. Nilikuwa nimemwona miaka minane kama ukuta. Kumbe ukuta wenyewe umeegemea kitu.

"Nisipompokea vizuri mutu anayesema 'napanda'," akasema, "unisamehe. Nikisikia tu neno lile, naona shali."

Sasa naandika kitu kigumu. Nilimwonea huruma sana, na bado sikusema nitaacha. Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa jepesi, lingemponya siku hiyo. Nikalimeza. Maana ningeacha, na mwaka kesho ingekuwa kitu kingine, na Bénie angeolewa siku moja akaenda na sheria ile ndani ya sanduku lake.

Nikasema, "Mama, mimi hakuna aliyeniambia nipande. Napanda mwenyewe. Mzigo wa kupanda kwangu si wako. Uushushe."

Aliniwekea mboga kwenye mfuko. Zilizoungua alibaki nazo yeye.

Alhamisi, 11 Julai

Shule zimefungwa. Bénie anataka kuja: "Mum, please, just once." Nimekataa. Nimemwambia sheria ya nyanya yako naivunja na mguu wangu, sitaivunja na wa kwako. Akalia. Nikamwachia alie.

"Mama, nimerudi." Ikakatwa, lakini polepole.

Jumanne, 16 Julai

Jerusha, aliyekuwa akinishikia Aksanti siku za kazi, wiki hii zamu zake zote ni za mchana. Nilijua leo ndiyo mwisho wangu. Saa mbili asubuhi Olivier amerudi kutoka bohari, macho mekundu, nikamkabidhi mtoto nikisubiri "Mama ni mama." Akachukua kitenge changu kwenye mlango, akamfunga Aksanti mgongoni. Fundo limepinda, lakini amefunga.

"Utalala saa ngapi?" nikamuuliza.

"Akilala yeye."

"Watu watakucheka."

"Wakicheka hawamwamshi. Nenda, treni."

Nilipofika kona niligeuka. Mume wangu, mtu wa mita moja na tisini, anapita barabarani Guildford na mtoto mgongoni, na Bénie nyuma anakufa kwa aibu. Nimeolewa naye miaka minane. Leo ndiyo nimempenda kwa akili yangu yote.

Alhamisi, 18 Julai

Video nyingine kwenye kundi la bamama. Safari hii ni Olivier na kitenge. Mama Déborah ameandika: "Dunia imekwisha." Yule mama wa makamo ameandika chini yake: "Kwangu isingeisha, ingeanza." Nimecheka peke yangu kwenye treni.

Ijumaa, 26 Julai

Niandike taratibu.

Bahari ilikuwa shwari baada ya siku nne za mawimbi. Saa tano na nusu tukamwona mama na mtoto wake, mtoto mdogo, Ronnie anasema wa wiki chache, amezaliwa njiani kabla hawajafika. Tulikaa mbali, kama sheria ya hapa inavyotaka. Lakini wao ndio waliokuja. Mama akatujia moja kwa moja, akapita chini ya mashua, akatokea upande wa pili, na mtoto nyuma yake. Akarudi tena. Na sheria inasema hivi: nyangumi akikujia mwenyewe, unalegeza injini na unangoja. Huondoki mpaka aondoke yeye.

Hakuondoka.

Nusu saa ya kwanza nililia kwa furaha kama mjinga. Alikuja mpaka chini ya kidirisha cha jikoni kwangu. Jicho lake lilinitazama. Ronnie alishatuambia kwamba miezi hii yote hawali, wanaogelea tu na kunyonyesha, na nilimwambia moyoni, dada, mimi na wewe tunajuana.

Kisha nikatazama saa ya ukutani. Sita na robo. Sita na nusu. Saa saba kasoro kumi, na bandari iko saa nzima nyuma yetu.

Nikapanda kwa Ronnie. "Lazima nipige simu."

"Tumia yangu," akasema, akanipa.

Nikaishika simu ile nikaona sijui namba. Namba ya Mama sijawahi kukaa nayo kichwani. Iko kwenye simu yangu chini ya neno Mama, na simu yangu iko kwenye sanduku langu la kufuli bandarini, wafanyakazi tunaziacha huko zisiloe. Ya Olivier naijua. Nikapiga. Imezimwa, amelala.

Saa saba. Nilimwona kana kwamba niko jikoni kwa Cécile: amekaa, simu iko mezani, na haiiti. Na najua nini kilikuwa mbele ya macho yake, maana alinionyesha mwenyewe.

Nikamwambia Ronnie, "Washa injini."

"Siwezi, Fal. Yuko chini yetu, na mtoto."

"Kuna mtu anafikiri nimekufa."

Alinitazama vizuri. Akapiga redio bandarini, akawaambia wafungue sanduku langu. Wakajibu limefungwa, ufunguo ninao mimi. Ulikuwa mfukoni kweli. Nikaushika.

Nikasimama ukingoni nikamwambia yule nyangumi kwa Kiswahili, mbele ya watu mia: "Mama, tafadhali. Nimekuona. Umenionyesha mtoto, nimemwona, ni mzuri. Sasa niachie, na mimi nina mama." Mzee mmoja akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya safari.

Waliondoka saa nane kasoro tano. Waliondoka wakitaka wao, si kwa ajili yangu.

Tulifunga kamba saa tisa kasoro dakika saba. Nilikimbia kwenye ubao, nikafungua sanduku. Simu zilizokosa kupokelewa: ishirini na tatu. Zote za Mama. Kabla sijapiga, ikaita ya ishirini na nne.

"Mama, nime—"

"Saa nane na dakika makumi tano na tatu!" Sauti hiyo sijaisikia karibu wiki tatu. "Saa nane na dakika makumi tano na tatu, Falone! Unajua nilikuwa wapi? Niko kwa treni! Niko Parramatta, na malapa, sina hata koti! Nilikuwa nakuja kukutafuta mu hayo maji yenu na mikono yangu!"

"Mama, ni nyangumi, alikataa tuondoke, alikuwa na mtoto—"

"Nyamaza. Umekula?"

"Bado."

"Mjinga." Nikamsikia anapumua, treni inalia mlango. "Sikiliza mimi. Sikukubalia. Sikukubalia jana, na sikubalii leo, na nikifa uniandikie juu ya kaburi, hakukubali. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Kesho unatoka saa ngapi?"

Nilikaa chini kwenye ubao.

"Saa nne."

"Na unarudi?"

"Saa saba. Wakituzuia, saa nane. Wakituzuia sana, tisa."

"Basi mimi nitaanza kulia saa tisa, si mbele ya hapo. Mutoto ana nini huyo ninamsikia analia?"

"Hakuna mtoto, Mama. Ni mimi."

Jumamosi, 27 Julai

Mama hakurudi Penrith. Alishuka Guildford, na malapa yake miguuni. Leo asubuhi alimvua Olivier kitenge mgongoni akasema amefunga kama mtu anayefunga mbuzi.

Jumamosi, 3 Agosti

Safari ya mwisho ya msimu. Nyangumi mmoja, mbali. Ronnie akaniita mezani, akaweka karatasi. Mwaka mzima. Vanessa amenikumbatia, yeye ana mitihani, hata hakutaka.

Nikajaza kwa mwandiko wangu mzuri. Chini kuna mahali pa jina na namba ya mtu wa kupigiwa simu ikitokea shida. Watu wanaandika mume. Mume wangu mchana amelala. Nikaandika Mirindi.

Jioni nimemwambia Mama, akiwa anachambua maharagwe. Mikono ikasimama.

"Waliandika jina yangu? Kwa karatasi ya mashua?"

"Niliandika mimi."

"Na namba?"

"Na namba."

"Iseme. Usiangalie simu."

Nikaisema, kutoka kichwani, yote. Akasikiliza akiwa amefumba macho, kama anayesahihisha maombi ya mtoto.

"Tena," akasema.